Kabla ya Ukumbi, Tulimpeleka Mdogo Wetu Lushoto



Wengi mnatujua kwa magauni. Sisi ni dada wawili, tumemaliza skuli, tukasoma ushoni, tukafungua duka, na sasa mwaka wa tisa tunawashonea mabibi harusi wa watu. Mwaka huu bi harusi alikuwa wa kwetu: mdogo wetu wa mwisho, anaolewa Muscat.

Kila mtu alituuliza habari ya kichen pati. Tulikaa na daftari, tukaandika ukumbi, mapambo, keki na mpiga picha. Jumla ilitutisha. Tukaulizana: siku zilizobaki tuko naye, tunataka kuzitumia kukimbizana na mpambaji? Tukamuuliza yeye mwenyewe. Akasema hajawahi kuona mlima.

Tukachagua Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Mama alipoambiwa alisema, "Mlimani mnakwenda kuchukua nini?" Lakini alituombea dua.

Kwanza, nani atatusindikiza

Hili msiliache mwisho. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, na kaka hatuna. Ami yetu ndiye mahramu wetu sote watatu, na ndiye walii wa bi harusi. Amepita miaka 60, tukidhani atakataa. Alikubali siku ile ile, kwa sharti moja: hatoki safari Ijumaa baada ya alfajiri akaja kuikosa Jumaa. Basi tukapanga hivi: Jumamosi boti, Jumapili basi, Jumatatu kutembea, Jumanne kurudi Dar es Salaam, Jumatano nyumbani. Duka tuliwaachia wasichana wetu, na wateja tuliwaambia mapema.

Nguo

Tulikwenda mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na usiku baridi yake ni ya kweli. Tulijishonea abaya za pamba, si zile za kuteleza, pindo likiishia juu kidogo ya kifundo cha mguu ili lisikanyagwe. Mbavuni tuliacha mpasuo, na ndani suruali pana, hivyo hata ukipanda jiwe umesitirika. Mikono tuliitia mpira ili iwe rahisi kuipandisha wakati wa kutawadha. Mtandio uwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, usiohitaji pini, maana upepo wa mlimani hauna adabu.

Raba usinunue za kwenda nazo siku hiyo hiyo. Sisi tulizitembelea wiki mbili Maisara kila baada ya sala ya alfajiri.

Njia

Boti ni saa mbili hivi, na mwezi wa Juni upepo ni wa kusi, bahari inachafuka. Kaa nyuma, usishibe sana, beba tangawizi. Usisahau kitambulisho, bila hicho hukati tiketi.

Dar tulilala kwa shangazi. Ukitoka bandarini na huna mwenyeji, panda mwendokasi Kivukoni hadi Kimara, kisha endelea Mbezi ilipo stendi kuu ya Magufuli. Basi zuri ni la asubuhi. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo, ambako barabara ya Lushoto inaachana na barabara kuu.

Hapo ndipo tulipokosea. Tiketi tulikata kwa mtu aliyetuapia kwamba basi linafika Lushoto. Lilitushusha Mombo, likaendelea na safari yake ya Moshi. Ulizeni mara mbili, na muulizeni dereva au kondakta, si mpiga debe. Tulikusanya adhuhuri na alasiri pale Mombo, tukapanda gari dogo. Ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu, kupitia Soni, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Bi harusi alifumba macho nusu ya njia.

Mlimani

Jumatatu tulitafuta kijana mwenyeji wa kutuongoza, tukatembea kwenda Irente, kama kilomita sita kutoka mjini. Njia inapita kwenye mashamba na nyumba za watu, wanawake wa Kisambaa wanakusalimia wamebeba kuni na mboga. Mtu mzima asiye na maradhi anaiweza. Lakini sisi wawili, miguu yetu imezoea pedeli ya cherehani, tulibaki nyuma tunahema. Ami na mdogo wetu walikuwa mbele, wanazungumza.

Irente ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge na nyika isiyo na mwisho. Tulipofika tulimkuta mdogo wetu analia. Ami ameshika kofia yake mkononi, kimya.

Alikuwa amemwambia kwamba mume anamtaka, ndoa anaitaka, lakini anaogopa. Anaogopa kukaa ndani Muscat bila kazi, na kurudi Unguja siku ya msiba tu. Alitaka kuomba aendelee kushona, na aletwe nyumbani mara moja kwa mwaka.

"Mbona hukusema siku tulipokuuliza?" Ami alimuuliza.

"Ami, chumba kizima kilikuwa kinaniangalia."

Ami akavaa kofia yake. "Basi nitasema mimi. Ndiyo kazi yangu."

Sisi tuliona haya. Gauni tumempima mara tatu, tukikaza hapa na kulegeza pale, na hata mara moja hatukumuuliza anaogopa nini. Tulitandika kanga, tukala chapati, mayai na tende. Wakati wa sala ulipoingia Ami alitutazamia kibla, tukasali pale pale kwenye majani.

Tuliporudi

Ami alikwenda kuzungumza na upande wa pili kabla ya akdi. La kushona walikubali papo hapo. La kuja nyumbani kila mwaka lilihitaji vikao viwili, lakini alhamdulillah, nalo lilikubaliwa.

Nauli, malazi na chakula vya watu wanne havikufika gharama ya ukumbi na mapambo tuliyoyaandika kwenye daftari. Shughuli ndogo ya wanawake tuliifanya uani kwa Mama, na watu walikula wakashiba.

Wewe mwenye bi harusi ndani, si lazima uende Lushoto. Lakini kabla ya siku yenyewe mtoe nje na walii wake, watembee pamoja, mbali na ule umati wa sebuleni. Huenda ana neno, na hajapata pa kulisemea.

Mdogo wetu anasafiri mwezi ujao. Mwombeeni, nasi tunawaombea nyote. Wabillahi taufiq.