Mto Niliobeba Londiani



Wiki hii nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko swali lolote la Biblia: "Pasta, kambi ya Agosti tubebe mto wa aina gani?" Kosa ni langu. Kwenye matangazo ya Jumapili nilisema kila mtu aje na mto mwepesi, na mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono mlangoni akitaka kujua kama sasa tutaubeba Itare mgongoni au ni Kipsonoi. Nikacheka naye. Lakini nimeona nijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu jibu lina hadithi ambayo wengine wenu mnaijua nusu, na ile nusu nyingine hainipambi.

Mnakumbuka ile kambi yetu ya kwanza kule Londiani, ukingoni mwa msitu. Sisi wa Kericho tulijiona tunaijua baridi. Wale wa Sigor na Chebunyo hawakujua lolote, masikini, walikuja na shuka moja moja. Mimi, nikiwa mchungaji wenu, nilikuja na mto wa kitandani kwangu. Ule mkubwa, uliojazwa sponji ya kukatwakatwa. Mama Mchungaji aliutazama, akatazama begi, akasema, "Baba, huo hautaingia." Ukweli haukuingia. Nikaufunga kwa nje kwa kamba ya katani, nikapanda nao kilima kama mtu anayehama nyumba.

Wenyeji wa nchi ya chai hamhitaji kuambiwa kilichofuata. Asubuhi jua, saa nane wingu, saa tisa mvua. Unyevu unatoka upande wa Ziwa Viktoria, unagonga milima yetu, na ndiyo maana majani chai yanachunwa mwaka mzima. Baraka kwa mkulima, ila si kwa sponji. Mto wangu ulikunywa mvua yote iliyokuwa yake na iliyokuwa ya jirani. Nilipofika nikaukamua kama kitambaa cha kupigia deki.

Usiku ule nililalia kila kitu. Nililalia viatu, vikanuka. Nikalalia begi, buckle ikanichoma shavu. Saa saba usiku, Mungu anisamehe, nililalia Biblia yangu kubwa, ile yenye itifaki. Neno ni taa, lakini jalada lake ni gumu. Nikiweka kichwa chini kabisa, damu yote inanijia usoni. Nikikiinua kwa mkono, mkono unakufa ganzi. Nilisikia kila saa ikipita.

Saa kumi na moja alfajiri tukaamka kuomba. Nikatoka nikakuta kuni zimelowa chapachapa, na turubai nililoagiza zifunikwe nalo halipo. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa kijana wetu wa kinanda. Wapendwa, sikumuuliza swali hata moja. Nilimsimamisha mbele ya wenzake wote, wasichana na wavulana, shingo yangu ikiwa imekauka upande mmoja kama ya kuku aliyenyongwa, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Maneno ya mwisho yalikuwa kwamba mtu kama yeye hafai kuaminiwa na kitu. Hakujibu. Aliinama, akaanza kupasua gogo ili apate ukavu wa ndani.

Saa mbili asubuhi ndipo nilipoona turubai. Lilikuwa juu ya hema la wasichana wa Sigor, ambalo lilikuwa limeanza kuvuja usiku wa manane.

Sikusema kitu. Hapo ndipo penye dhambi, kuliko hata yale maneno. Niliona nikanyamaza, kwa sababu mchungaji akijirekebisha mbele ya vijana ataonekanaje? Tukashuka, tukarudi nyumbani. Jumapili iliyofuata kinanda kilifunikwa kitambaa. Na iliyofuata. Miezi minne kinanda kilikaa hivyo, tukaimba kwa makofi, na watu wakaniuliza kijana yuko wapi, nami nikasema tumwombee.

Mama Mchungaji ndiye aliyenishika. Jioni moja tukiosha vyombo akaniambia taratibu, "Ungelala ule usiku, ungeona turubai lilikuwa wapi."

Sisemi mto ulitenda dhambi. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini nilirudi kwenye Neno nikiwa na macho mengine. Someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, amekata tamaa, anaomba kufa. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale chini ya mretemu, kisha malaika akamgusa, na kichwani pake pakawa na mkate na maji. Akala, akalala tena! Mara mbili. Mazungumzo mazito ya Horebu yalikuja baadaye, mtu akiwa amelala na kushiba. Mimi nilitaka kuongoza kondoo nikiwa nimeruka hatua hiyo.

Na kuna Marko 4, mnaijua, dhoruba na chombo. Mathayo anasema Bwana alikuwa amelala, Luka naye anasema hivyo. Ni Marko peke yake anayetaja kwamba alilala juu ya mto. Nimehubiri sura ile mara nyingi nikikimbilia upepo na mawimbi. Sasa huwa nasimama kidogo kwenye ule mto. Chombo cha wavuvi, nyuma kabisa, na mtu aliyefundisha watu mchana kutwa ametafuta pa kuweka kichwa.

Basi nikaenda kwao yule kijana. Mama yake alikuwa ametoka tu shambani, aproni ya kuchunia bado kiunoni, akanikaribisha chai. Nilimwomba kijana msamaha mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Pasta, kwani ulilalia nini ule usiku?" Nikamwambia habari ya Biblia. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka mama yake naye akacheka. Kisha akaingia ndani akaniletea mto wake wa kambi nione. Ilikuwa shati kuukuu ya flana, imeshonwa chini na mikononi, vifungo vikiwa mbele. Ndani alitia sweta na nguo zake za kubadilisha. Uzito wake? Ule wa shati tu, kwa maana nguo angezibeba kwa vyovyote.

Sasa jibu lenyewe, ambalo nililipata kwa kijana huyo na kwa makosa yangu.

Kwanza jiulize unalalaje. Anayelala chali anataka mto mwembamba, vidole vitatu au vinne tu. Anayelala ubavu anahitaji mto wa kujaza nafasi kati ya sikio na bega, kwa hiyo mwenye mabega mapana anataka mrefu zaidi. Anayelala kifudifudi asijisumbue, akunje shuka. Watu hununua mto kwa rangi halafu wanalaumu mlima.

Mto wa shati ndio ninaoupendekeza kwa vijana wote. Hasara yake ni moja: usiku ukizidi baridi utataka kuvaa lile sweta, na mto wako utaondoka nalo. Kwa hiyo weka ndani nguo ambazo hutazivaa usiku.

Wa pili ni wa sponji. Nenda kwa fundi wa magodoro, mwombe kipande kilichobaki. Urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole, upana wa shibiri moja na kitu. Nilipeleka changu kituo cha majani chai nikaomba karani aupime, pamoja na ule mkubwa wa Londiani. Ule mkubwa, ukiwa mkavu kabisa, ulipita kilo. Hiki kidogo mshale haukujisumbua kusonga. Karani akauliza kama haya ni majani mawili na chipukizi au nimemletea magugu. Sponji ni nzuri kwa shingo, haitelezi, haipasuki. Lakini inakula nafasi, basi ivingirishe ngumu uifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Na lazima isiguse maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku 2017, na tangu 2020 hairuhusiwi kuingia mbugani na misituni na plastiki za kutumia mara moja, kwa hiyo mimi hutumia ile bitana ya ndani ya gunia la mbolea, ikiwa imeoshwa vizuri sana. Vizuri sana, narudia. Kuna ndugu aliyeosha haraka haraka, akaamka macho yamevimba.

Wa tatu ni wa kujaza upepo. Huo ndio mwepesi kuliko yote, mingi haifiki gramu 150, na ukiukunja unaingia kwenye ngumi. Ndio niliochukua Mlima Kenya tulipopanda kwa njia ya Sirimon. Usiujaze ukakakamaa kama mpira wa miguu, kichwa kitabingirika. Ujaze, lala juu yake, kisha fungua kizibo kidogo kidogo hadi sikio na bega vikubaliane. Unateleza, basi uvishe shati. Na hapa nilijitia aibu tena: usiku wa kwanza, Old Moses, mita 3,300, niliamka mto umelegea. Nikamulika tochi kila mahali nikitafuta tundu, nikaamsha watu. Tundu halikuwepo. Hewa niliyopuliza ilikuwa ya moto kutoka kifuani, ikapoa, ikapungua ujazo, basi. Pumzi mbili zilitosha. Ila usiubebe ukiwa umejaa, kwa kuwa ukipanda juu hewa ya nje inapungua nguvu na ile ya ndani inatanuka. Na ukifika nyumbani uache wazi ukauke, mate na mvuke wa pumzi huota ukungu ndani.

Msione ni mambo ya wazungu wa kupanda milima. Mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong yake, kigoda kidogo cha mti. Mchana anakikalia, usiku anakilaza kichwa. Kazi mbili kwa mzigo mmoja, wala hakihitaji kupulizwa. Nimejaribu kukilalia. Shingo yangu ya chai na mandazi haikuweza, lakini nilimheshimu zaidi Yakobo na jiwe lake.

Usiku wa mwisho tulikuwa Shipton, mita 4,200. Katika kimo kile usingizi hauji kirahisi hata ukilalia pamba ya malaika, pumzi yenyewe inakatika. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa tisa usiku kwenda Lenana. Kijana wa kinanda alikuwa kitanda cha jirani na shati lake la flana. Kabla hatujazima tochi alinitazama nikihangaika na kizibo, akasema, "Pasta, punguza kidogo tu. Hapo. Lala." Nikalala. Sikusikia upepo wala waliokuwa wakikohoa.

Aliniamsha yeye saa nane. Chai ilikuwa tayari, na alikuwa ameshahesabu watu.

Kambi ya Agosti tunaondoka Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Mashati kuukuu ya flana yapo kwa mtumba, na akina mama wa kanisa wamekubali kushona bure Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Wa Sigor na Chebunyo, tafadhali, safari hii blanketi mbili. Kuni zitafunikwa na mimi.