Majabali Meusi ya Porto Moniz

Mtu aliyezaliwa kando ya bahari ya mchanga mweupe, akajifunza kuogelea katika maji ya vuguvugu ya Forodhani kabla hajajua kusoma, hudhani kwamba bahari za ulimwengu wote ni moja. Na dhana hiyo nilikuwa nayo hata mwaka 1969, nilipokuwa nikihudumu mezani katika meli ya abiria, tukatia nanga Funchal, mji mkuu wa Madeira, kisiwa cha Wareno katika bahari ya Atlantiki, ambacho kwa eneo hakifiki nusu ya Unguja ilhali milima yake inapita mita 1,800.

Tulipewa ruhusa ya siku moja, nami nikafuatana na sahibu yangu, Mgoa wa Unguja aliyekuwa mwoka mikate wa meli, ambaye Kireno alikipata kwa mamaye. Yeye ndiye aliyeshauri twende Porto Moniz, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, akidai kwamba huko kuna mabirika ya bahari yaliyojengwa na moto. Njia ya pwani ilikuwa imechongwa ubavuni mwa jabali, upana wake gari moja tu, mlima kushoto, bahari kulia chini kabisa, na mahali pengine maji ya mlimani yakiporomokea juu ya paa la gari kwa kishindo cha ngoma. Gari mbili zikikutana, moja hurudi kinyumenyume mpaka ipate pa kujibanza, na katika kila kona mwenzangu alifanya ishara ya msalaba, nami nikasoma yote niliyoyahifadhi chuoni.

Nayo mabirika yalikuwako. Zaha iliyoshuka zama za kale ilipokutana na bahari iliganda, ikaacha kuta, meno na mashimo, na ndani ya mashimo hayo maji ya kijani yametulia huku nje ya ukuta bahari ikinguruma. Maji yakijaa, mawimbi huruka ukuta na kuyabadilisha yaliyomo, hata birika lisihitaji mtu wa kulisafisha. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi kama chungu kilichokaa mekoni miaka, lenye vitundu kama mkate wa kumimina, na makali yake yalinichana wayo kabla sijatia ukucha majini.

Hapakuwa na mlango wala malipo. Palikuwa na mzee mmoja, kofia ya sufu kichwani, akibandua kombe mwambani kwa kisu, naye alipotuona tunavua mashati alituinulia mkono. Akasema maneno mengi, ambayo Mgoa aliyafasiri machache, kama ilivyo ada ya wafasiri: tusiutazame ukuta, tukitazame kile kisiwa kidogo kilichosimama mbele yetu, povu likimeza kitako chake, tutoke upesi. Tukangoja. Aliposhusha mkono tukaingia, na baridi ya mwezi wa Machi ikanibana mbavu hata nikasahau jina langu.

Nilirudi mwaka 2007, nikiongozwa na binti yangu. Sehemu nyingi za njia ile ya jabali zilikuwa zimefungwa, mahandaki yametobolewa badala yake, na safari iliyotutia hofu asubuhi nzima ikawa ya saa moja hivi, ambayo ndani yake bahari sikuiona ila vipande vipande, baina ya handaki na handaki. Mlangoni tulilipa kwa yuro. Palikuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, sakafu ya saruji juu ya meno ya jiwe, ngazi na reli za chuma. Na ngome ya kale, iliyojengwa kuwazuia maharamia, imejengwa upya na tangu 2005 imekuwa nyumba ya kutazamia samaki. Nikaanza kunung'unika. "Baba, shika reli," akasema binti yangu, nami nikaishika kwa mikono miwili, kwani magoti ya miaka sitini na mitano hayana ubishi na saruji. Tena, insafu ni insafu: mwaka 1969 sikuona mtoto hata mmoja majini, na sasa walijaa.

Pahala pa yule mzee palikuwa na kijana mwenye filimbi, aliyetuonyesha nguzo na kutamka neno lisilohitaji mfasiri: bandeira. Ni bendera yetu hiyo hiyo, waliyotuachia pamoja na meza na leso tangu enzi za ngome yao ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Waogaji walikuwa wameikabidhi macho yao, wakiogelea na kucheka, migongo yao imeelekea baharini.

Mimi sikuweza. Kila nilipoinua kichwa nilikitafuta kile kisiwa, na alasiri ilipokaribia nikaona povu likikipanda, kitako kikazama. Nikamwita binti yangu.

"Lakini Baba, bendera bado ni ya kijani!"

Filimbi ilipolia, nilikuwa nimekwisha kaa juu ya ngazi, taulo begani, nikiutazama ukuta.