Pesa za Mfukoni

Ujerumani, anayelea watoto huku akijifunza lugha huitwa opea, si yaya. Mkataba ulisema mimi ni kama mtoto wa nyumba: saa 30 kwa wiki, euro 280 kwa mwezi, na hizo si mshahara ati, ni pesa za mfukoni. Mamangu alicheka. Yeye alilea watoto wa wenyewe Lavington miaka tisa, akiitwa mtu wa familia, ila kikombe chake kilikaa kando. Mimi nilikula nao mezani, kusema kweli.

Jumamosi moja ya Julai, saa tatu usiku, jua bado halijatua Hamburg, watoto wamegoma kulala. Saa zangu 30 ziliisha Alhamisi.

"Umewaambia?" Mama akauliza kwa simu.

"Kijerumani changu hakijafika hapo."

"Hata Kiingereza changu hakikuwahi kufika."