Pingamizi la awali

Nakiri kosa. Nikiwa mahakamani nikasikia mawakili wanabishana kuhusu mamlaka ya mahakama, hufunga daftari nikasubiri "kesi yenyewe". Kesi ya Baltimore imenisuta.

Mwaka 2018 jiji hilo la Marekani lilizishtaki BP na kampuni nyingine za mafuta katika mahakama ya jimbo la Maryland, likidai fidia ya madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Kampuni zikaihamishia kesi mahakama ya shirikisho. Mwaka 2019 jaji akairudisha jimboni.

Kwa kawaida amri ya kurudisha kesi haikatiwi rufaa. Ila sheria imeacha upenyo, mmojawapo ni kwa mdaiwa anayesema alitenda kwa maagizo ya ofisa wa shirikisho. Kampuni ziliichomeka hoja hiyo kati ya nyingine nyingi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 7 kwa 1, kwamba hoja hiyo ikiwemo, rufaa izipitie zote. Jaji Sotomayor alipinga, akiona wadaiwa wamefundishwa ujanja.

Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikazipitia zote. Jibu? Jimboni!

Miaka minne, wanabishania mlango tu. Anayenunua muda keshashinda kitu, ndugu msomaji, na mimi nilikuwa nimefunga daftari.