SEHEMU YA 7: ELFU KUMI YA YANGA

Wiki iliyopita niliahidi kuwasimulia siku ambayo mimi, nesi mzima, nilimtia mwanangu mwenyewe hatarini mbele ya maelfu ya watu. Leo nalipa deni. Ni ndefu kidogo, bandika chai kabisa.

Ilikuwa 2019. Mtoto wetu wa pili ana miezi mitano, mimi nimesharudi kazini, na baba watoto anaamka kila asubuhi kwenda kazini ambako miezi mitatu hakuna mshahara. Nyumba inaendeshwa na mshahara wangu peke yake. Mnajua hali ile: nyama inakuwa ya Jumapili, halafu Jumapili nayo inasahaulika.

Siku moja nikashika simu yake nimtumie mama mkwe hela. Nikaona ujumbe wa muamala. Shilingi 10,000, imeenda kwa Yanga.

Kwa wasiofuatilia mpira: tangu Yusuf Manji aachie uenyekiti mwaka 2017, Yanga ilikuwa imeishiwa. Kila siku redioni ni habari za wachezaji wanadai mishahara. Mashabiki wakaanza kuchangishana kwa simu, na kocha mwenyewe, Mwinyi Zahera, akawa mstari wa mbele kuhimiza watu watoe. Wenzetu wa Simba, ambao msimu ule walifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, walitucheka mpaka wakachoka, eti timu ya bakuli. (Nasema "walitucheka" lakini mimi wakati ule sikuwa hata na timu. Niliolewa nayo.)

Sasa na mimi nyumbani kwangu mayai nayanunua mawili mawili, halafu mtu anachangia mishahara ya wachezaji! Jamani, niliongea. Niliongea mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Yeye kimya. Nilipomaliza akasema sentensi moja tu:

"Na wao hawajalipwa, mama."

Nikaenda kulala nimenuna. Lakini lile neno halikuniacha nilale. Kwenye kazi yetu tunafundishwa kumtazama mgonjwa hata asiposema anaumwa wapi. Huyu baba nilikuwa naye kitanda kimoja miezi mitatu, nimeona anakula kidogo, nimeona anachelewa kurudi, na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nahesabu hela tu. Sisemi elfu kumi ilikuwa sawa. Haikuwa sawa, na hadi leo namwambia.

Basi, ikaja ile Wiki ya Mwananchi, ya kwanza kabisa. Kilele Jumapili, tarehe 4 Agosti, mechi ya kirafiki na Kariobangi Sharks ya Kenya, Uwanja wa Taifa (jina la Mkapa lilikuja mwaka uliofuata). Akaniambia wale Sharks si wa kubeza, mwezi uliopita tu wameitoa Everton ya Uingereza kwa penalti kule Nairobi. Rafiki yake akatupa tiketi mbili za mzunguko. Mkubwa tukamwacha kwa wifi, mdogo nikambeba. Ananyonya, ningemwacha na nani?

Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, na linaanzia kwa wengi wenu. Asubuhi palikuwa na kaubaridi. Nikamvisha mtoto sweta, soksi, kofia ya sufi, juu yake khanga. Si unajua, mtoto atapata kichomi! Mimi mwenyewe kliniki nawavua watoto wenu masweta kila siku huku nawagombeza.

Tulifika mapema maana kuna muziki, kuna kutambulisha wachezaji wapya. Foleni, jua, vuvuzela. Mtoto alilia sana mwanzoni, nikamnyonyesha kidogo, akaendelea kulia. Watu wote kijani na njano, wanaimba kama timu haidaiwi hata shilingi. Nikajikuta na mimi nasimama, napiga makofi. Nilifurahi siku ile, sitadanganya. Ilikuwa miezi sijacheka.

Baadaye nikagundua mtoto kanyamaza.

Mama mwenzangu, mtoto anayelia kwa nguvu simwogopi sana. Namwogopa aliyekuwa analia akanyamaza bila kushiba. Nikamgusa shingo, ya moto. Midomo imekauka. Nikampapasa pampasi, kavu, na nilimbadilisha kabla hatujatoka nyumbani. Nikampa ziwa, akashika na kuachia, macho mazito. Mikono yangu ilianza kutetemeka. Mikono hii hii inayotafuta mishipa ya watoto wa watu!

Wakati huo mpira umeshaanza. Baba watoto akanitazama mara moja tu, hakuuliza, akachukua begi, akanitangulia kufungua njia. Tukashuka chini ya jukwaa kwenye kivuli. Nikamvua kila kitu, akabaki na pampasi. Baba akalowesha khanga kwa maji ya kawaida, tukampangusa kichwa, kwapa, mapaja, na yeye akawa anampepea kwa kofia yake. Dada mmoja muuza maji akasema mpe maji huyo, mwingine mpe soda apate nguvu. Nawashukuru, lakini hapana. Mtoto chini ya miezi sita kiu yake ni ziwa, tena mara kwa mara, kidogo kidogo. Nikampa, akaachia, nikampa tena. Nikapapasa utosi, haujabonyea. Nikamwambia baba, akikataa tena tunaita bajaji, twende hospitali.

Akashika. Akanyonya kweli kweli, nasikia anameza.

Ndipo juu yetu uwanja ukalipuka. Zege lilitetemeka. Yanga wamefunga. Baba watoto aliinua macho kwenye dari, akayarudisha kwa mtoto, akaendelea kupepea. Mtu aliyechangia timu huku hana mshahara, na goli lenyewe hakuliona.

Muda si mrefu nikasikia joto magotini. Pampasi imeshindwa, mkojo umepita mpaka kwenye gauni langu. Nililia pale pale. Mechi iliisha 1-1, tukaambiwa na watu wanaotoka.

Naandika hii kwa sababu msimu wa matamasha ya timu umekaribia na inbox mnaniuliza kama mtoto mchanga anaweza kwenda. Jibu langu: chini ya miezi sita muache, au ubaki naye nyumbani, kelele peke yake zinamtosha. Ukilazimika, nguo nyepesi, kivuli, ziwa kila anapotaka, na angalia pampasi. Saa sita bila mkojo, amelegea, anakataa ziwa, utosi umebonyea: usisubiri filimbi ya mwisho, nenda hospitali. Na joto likibaki hata baada ya kumpoza, usisingizie jua, akapimwe malaria.

Baba watoto alipata kazi nyingine mwezi wa kumi na moja. Mtoto sasa anasoma, na ana jezi. Elfu kumi bado tunabishana.

Sehemu ya 8 ni Jumatano: kichomi, na kwa nini sweta halikizuii.