Fremu Nne kwa Sekunde

Jumamosi ile, baada ya usafi wa mazingira, tuliwasha kompyuta ya maktaba, tukaiweka ndege yetu mwanzo wa barabara ya kurukia ya uwanja wa Dodoma, tukapandisha nguvu ya injini hadi mwisho. Ndege ilianza kwenda kama kurasa za kalenda zinazofunuliwa moja moja. Tuliiona hapa, kisha tukaiona pale mbele, na katikati hatukuona kitu. Kwenye kona ya kioo palikuwa na namba ndogo: 4.

Kwa msomaji asiyefahamu, picha inayotembea kwenye kompyuta ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana haraka hadi jicho linadanganyika. Kila moja huitwa fremu. Sinema za kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Mara ya mwisho tulipoirusha ndege ile, mashine yetu ilikuwa ikichora fremu 35. Sasa ilichora 4, yaani kila picha ilikaa kwenye kioo robo sekunde nzima.

Kutazama kwa namna hiyo kunachosha tu, lakini kurusha ndege hakuwezekani. Unavuta usukani, huoni mabadiliko. Unavuta zaidi. Picha inayofuata inakuonyesha pua ya ndege imekwisha panda kupita kiasi, nawe unaisukuma chini kwa nguvu, tena kwa kuchelewa. Kila mara unasahihisha kosa lililokwisha pita, na kwa kulisahihisha unatengeneza jipya. Tuliangusha ndege mara tatu kabla hatujauvuka mji.

Programu yenyewe ni simuleta, kiigizo cha urubani, nayo inaitwa FlightGear. Ni ya bure. Wazo lake lilitolewa mwaka 1996 na David Murr, na tangu hapo imejengwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Ina viwanja vya ndege kwa maelfu. Unaandika HTDO, alama ya kimataifa ya uwanja wa Dodoma, na unajikuta ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia. Baba mlezi aliturusu kuitumia saa moja kila Jumamosi.

Safari hii haukuwa mchezo tu. Tulikuwa tumewaahidi vijana wa TYCS wa parokia jirani kwamba Jumapili ya wiki iliyofuata waje, kila mmoja ajaribu kuruka juu ya nchi yake mwenyewe, nasi tuwaeleze jinsi ndege zilivyolitumikia Kanisa. Tulikuwa tumekwisha andika maelezo: Papa Benedikto XV aliyemtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani mwaka 1920, Padre Paul Schulte, Mjerumani, aliyeanzisha shirika la MIVA mwaka 1927 kuwapatia wamisionari magari na ndege, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki Afrika mbali na msaada wa tiba, na huku kwetu, ndege ndogo za wamisionari ambazo kwa miaka mingi zilitua kwenye viwanja vya vumbi vya nyanda hizi za kati zikiwa na dawa, wagonjwa na wahubiri. Yote hayo tungewaelezaje vijana mbele ya ndege inayokwenda kwa kukwama kama mkokoteni kwenye mchanga?

Mtu wa kulaumiwa hatukumtafuta mbali. Wiki iliyotangulia, frateri mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amepandisha mfumo endeshi wa kompyuta ile kwenda toleo jipya. Kabla ya hapo ndege ilikwenda vizuri, baada ya hapo ikakwama. Kwetu hesabu ilikuwa imekamilika. Tulimwita, tukamwambia mbele ya wengine kwamba ameiua mashine ya watu. Alijibu, "Frateri, kuna kifurushi kimoja hakikushuka. Niacheni nimalizie." Tulisikia kisingizio. Mmoja wetu akamwambia asiiguse tena kompyuta ile, na jina lake tukaliondoa kwenye orodha ya watakaowapokea vijana. Alisema, "Sawa, kaka zangu," akaondoka. Tangu siku hiyo, kwenye chumba cha chakula, alihamia meza ya mwisho karibu na mlango.

Tukaanza kutengeneza wenyewe. Kwanza tulishuku vumbi. Ni miezi ya upepo Dodoma, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya breviari. Tulifungua kasha la kompyuta, tukasafisha feni kwa brashi ya rangi. Kweli tulitoa vumbi la kujaza kiganja, lakini namba ilibaki 4. Kisha tukapunguza mapambo yote ya simuleta kwa mara moja: mawingu, miti, vivuli, umbali wa kuona. Ikapanda hadi 7, na Dodoma ikabaki uwanda mtupu usio na kichaka. Kisha tukaifuta programu na kuipakua upya, bando la wiki nzima likaisha usiku mmoja. Tulipoiwasha, ilikuwa 4.

Jumanne tulikuwa na somo la mantiki. Mwalimu alikuwa akifafanua kosa ambalo vitabu huliita kwa Kilatini post hoc, ergo propter hoc: kudhani kwamba kwa kuwa jambo limefuata jingine, basi limesababishwa na hilo. Alitukumbusha fundisho la Aristotle, kwamba tunasema tunakijua kitu pale tu tunapojua sababu yake. Tuliyaandika hayo kwa mwandiko mzuri. Tulipokuwa tukitoka darasani ndipo mmoja wetu akasema, "Na kompyuta je? Tunajua nini hasa?" Tulijiuliza, tukaona hatujui chochote. Tulijua kilichotangulia tu.

Jioni hiyo tulichukua daftari, tukajiwekea kanuni mbili: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kuandika namba kila mara kabla na baada. Tulirudisha mapambo yote kama yalivyokuwa. Tukapunguza dirisha la simuleta likawa nusu ya upana na nusu ya kimo. Namba ikapanda kutoka 4 hadi karibu 12. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza ya kweli: tatizo halikuwa kwenye hesabu za jinsi ndege inavyoruka, kwa maana hesabu hizo hazipungui dirisha likipungua. Tatizo lilikuwa kwenye uchoraji. Tukafungua programu inayoonyesha kazi za mashine, tukakuta bongo zote nne za prosesa zimejaa hadi asilimia mia.

Hapo tukafungua ukurasa wa simuleta unaoeleza habari zake yenyewe, ambao tulikuwa hatujawahi kuusoma. Mahali pa jina la mchoraji palitakiwa pawe na jina la kadi yetu ya picha. Badala yake paliandikwa llvmpipe. Tulitafuta maana yake. Ni programu inayochora picha kwa kutumia prosesa peke yake, pale ambapo kadi ya picha haipatikani. Kumbe kadi yetu ilikuwa imekaa ndani ya kasha bila kazi, huku prosesa ikibeba kazi zote mbili, kuirusha ndege na kuichora nchi.

Swali likabaki: kwa nini kadi haipatikani? Katika mifumo endeshi ya aina yetu kuna kerneli, kiini kinachozungumza na vifaa, na kwenye menyu ya kuwashia mashine, kerneli ya zamani huachwa kwa ajili ya dharura. Tuliwasha kwa kerneli ya zamani, bila kugusa kitu kingine. Simuleta ikasoma fremu 34. Tukawasha kwa mpya: 4. Tukarudia mara ya pili ili tusijidanganye. Sasa tulikuwa na tofauti moja tu kati ya mashine nzima na mashine mbovu.

Maelezo yalikuwa mepesi kuliko tulivyotazamia. Draiva ya kadi kama yetu hujengwa upya kwa kila kerneli mpya, na ili ijengwe yanahitajika mafaili ya kujengea ya kerneli hiyohiyo. Kwa kerneli mpya mafaili hayo hayakuwepo. Tukafungua kumbukumbu ambamo mfumo huandika kila ulichofanya na saa yake. Toleo jipya lilikuwa limewekwa salama. Kilichofuata ni kifurushi kimoja kilichoanza kupakuliwa kikakatika, na pembeni paliandikwa Jumamosi, 17:07.

Tulitazamana. Jumamosi ile ilikuwa ya Simba na Yanga. King'amuzi cha ukumbini kilikuwa kimeisha malipo, na saa kumi na moja jioni, mpira ulipoanza, sisi wenyewe ndio tuliochomoa modemu ya maktaba tukaipeleka chumbani ili tuufuatilie kwenye simu. Hatukumuuliza mtu kama anaitumia.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yule mdogo wetu alifanya kazi aliyoombwa na padre mtunza maktaba, kwa sababu toleo la zamani lilikuwa limekoma kupata marekebisho ya usalama na orodha yote ya vitabu imo mle. Sisi tulimkatia njia katikati. Aliporudi kutuambia kilichobaki, tulimkataza kumaliza. Ugonjwa tuliuleta sisi na dawa tukaizuia sisi. Tulifanya kama rubani wa fremu nne: tuliona kwa kuchelewa, na kwa vile tuliona kwa kuchelewa, tulisukuma kwa nguvu zaidi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inamtaja mwenye hatia ya hukumu ya harakaharaka kuwa ni yule anayekubali kuwa kweli, hata kimoyomoyo, kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha. Namba inayofuata inatutaka tuyapokee maneno na matendo ya mwenzetu kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana. Tulikuwa tumeyasoma. Tulikuwa hata tumeyafundisha kwa watoto wa kipaimara. Ila tulidhani yanahusu mambo makubwa, majungu na kashfa, si kompyuta ya maktaba.

Jumatano baada ya Masifu ya Jioni tulimfuata bustanini, alikokuwa akimwagilia mchicha. Tulimweleza yote, pamoja na habari ya modemu. Alicheka kidogo aliposikia ya mpira, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Mngeniuliza tu, kaka zangu. Ningewaambia siku ileile." Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba msamaha pale pale, na asubuhi yake tukamwomba tena kwenye chumba cha chakula, kwa kuwa tulikuwa tumemwaibisha mbele ya wengine. Alitusamehe. Kumaliza kazi yake kulimchukua dakika kama ishirini: akapakua mafaili yaliyobaki, akaijenga draiva, akawasha mashine upya. Namba ilikuwa 36.

Ikiwa wewe pia umepandisha toleo la mfumo na mashine yako imekuwa nzito kwenye picha, usianze kwa kufuta programu wala kwa kumaliza bando. Angalia kwanza ni nani anayechora: jina la kadi yako lisipoonekana, shida iko kwenye draiva. Jaribu kerneli ya zamani ikiwa ipo. Badilisha kitu kimoja, andika namba. Na kabla ya hayo yote, muulize aliyeifanya kazi.

Jumapili vijana walikuja ishirini na wawili. Aliyewapokea mlangoni na kuwaelekeza kwenye usukani alikuwa yule wa mwaka wa kwanza. Binti mmoja wa kidato cha pili aliipeleka ndege mashariki kuelekea Kongwa, akaikuta milima mahali pake, ila nyumba yao hakuiona, maana simuleta haina kila nyumba. Mwingine alijaribu kwanza uwanja wa Dar es Salaam, kisha wa Dodoma, akauliza kwa nini hapa kwetu ndege inachelewa kuinuka. Tulifungua midomo kujibu, tukaona hatuna hakika. Mdogo wetu akaeleza kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku, tena ikiwa ya joto, ni nyepesi. Siku ya nyuzi 32, bawa linaihisi kama hewa ya mahali palipo mita 2,000 juu. Kwa hiyo rubani anahitaji barabara ndefu zaidi, na uvumilivu, kabla ya kuvuta usukani.

Jioni ile tulipoingia kula, tulihamia meza ya mwisho karibu na mlango. Tupo hapo hadi leo.