Ncha, Jiwe na Maji ya Wadi

Nilizaliwa Unguja, nikakulia Ibra. Wazee wangu walirudi Oman baada ya 1970, kama jamaa wengi wa Sharqiyah waliokuwa na ndugu ng'ambo zote mbili. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kiarabu, na kazini Kiingereza cha vitabu vya mitambo. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza hadubini ya nguvu za atomi.

Wageni wakija maabarani walitafuta lenzi. Haina. Hadubini hii haitazami, inapapasa. Ina ncha ya silikoni iliyochongoka hadi nanomita chache, imekaa mwishoni mwa ulimi mwembamba na kupita juu ya kitu kama sindano ya santuri. Leza hupigwa mgongoni mwa ulimi, mwanga ukarudi kwenye kipokezi. Ncha ikipanda kijilima, ulimi hupinda, doa la mwanga likahama, na papo hapo fuwele za piezo huuinua ulimi au kuushusha ili ncha isikandamize wala isiachie. Kompyuta huandika vimo hivyo mstari kwa mstari mpaka picha itokee.

Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber waliitangaza mwaka 1986. Hadubini iliyoitangulia, iliyowapa Binnig na Heinrich Rohrer Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, ilitaka kitu kinachopitisha umeme. Hii haijali: chembe hai, plastiki, jiwe, vyote sawa, hata ndani ya maji.

Hilo la maji ndilo lililotufaa. Milima ya Wadi Tayin, kaskazini ya Ibra, ni peridotiti, mwamba uliotoka chini ya gamba la dunia. Mvua ikizama humo, huibuka chemchemi zenye pH inayopita 11 na kalsiamu tele. Maji yakikutana na hewa hunyonya kaboni dayoksaidi na kufanya utando mweupe wa kalsiti. Kwa ajili ya mambo kama hayo Oman Drilling Project ilianza kuchoronga miamba yetu mwishoni mwa 2016, na mawe yakasafirishwa hadi Japani kuchunguzwa melini, katika Chikyu. Sisi tulikuwa na kipande cha kalsiti ndani ya tone la maji tu. Lakini tuliziona ngazi zake, kila moja kimo cha nanomita 0.3, zikisogea. Jiwe linakua nawe umekaa kitini! Sijapata kulizoea.

Adui yetu alikuwa AC. Mtikisiko wake ulijaza picha mawimbi, basi tukaning'iniza mtambo kwa kamba za mpira, tukazima AC, tukafanya kazi baada ya Isha huku jasho likitutiririka. Wakubwa waliona tunajitesa. Mimi naona picha safi ya mchana wa Julai ni ya kutiliwa shaka.

Usiku mmoja mwanafunzi kutoka Nizwa aliniita, “Ami, njoo uone, chembe zote zina pacha!” Kweli, kila moja ilikuwa na mwenzake upande uleule.

“Geuza jiwe robo duara, mwanangu. Ncha usiiguse.”

Akageuza, akapapasa upya. Pacha walikuwa vilevile, upande uleule. Wangekuwa wa jiwe, wangegeuka nalo. Ncha ilikuwa imevunjika ikaota meno mawili, na kila chembe ilipapaswa mara mbili. Akanuna kidogo, kisha akaomba ncha mpya. Nilimpa, ila nilimwonyesha kwanza bei.